Redio Inaita, Hakuna Anayejibu: Kutatua Matatizo ya Wikendi ya Visiwa Hewani Ukiwa Lamu

Kila wikendi kamili ya mwisho ya mwezi wa Julai, wapenzi wa redio ya ridhaa huwa na mashindano ya Visiwa Hewani, yanayojulikana kwa ufupi wa Kiingereza kama IOTA (Islands on the Air). Ni saa ishirini na nne, kuanzia saa tisa alasiri ya Jumamosi hadi saa tisa alasiri ya Jumapili kwa saa za kwetu, na muda wote huo kila mwenye redio anatafuta visiwa. Mpango wenyewe wa kukusanya visiwa ulianza Uingereza mwaka 1964, na hadi leo mtu wa Ulaya au Japani akisikia alama ya wito, yaani jina la kituo, inayoanza na 5Z ya Kenya ikitaja nambari ya kisiwa, huacha alichokuwa akifanya. Aliye Lamu ana bahati tatu kwa mpigo: yuko kisiwani, yuko katika nchi yenye vituo vichache hewani, na maji ya chumvi yako mlangoni.

Ila Julai upepo wa kusi umekolea. Chumvi inapanda hadi darini, nyumba za mji wa kale zimebanana ukuta kwa ukuta, na umeme wa wengi siku hizi ni wa sola. Mambo hayo matatu ndiyo yanayoharibu wikendi za watu, huku lawama ikitupiwa anga. Mimi nashikilia kwamba anga huwa na hatia mara chache. Kosa kwa kawaida liko kati ya betri na ncha ya waya, na anayefuata mpangilio hulipata. Mpangilio wenyewe ni huu: kwanza unasikia nini, pili umeme ukoje, tatu antena, na mwisho ndipo uwaulize wanaokusikia. Anayeanza na antena kabla ya kusikiliza hupanda darini mara nyingi bila faida.

Jambo moja kabla ya yote. Bila leseni ya Mamlaka ya Mawasiliano ya Kenya, sikiliza tu, usirushe. Na hata ukiwa nayo, mwarifu chifu, mzee wa mtaa na kituo cha polisi kabla hujasimamisha mlingoti, kisha uweke nakala ya leseni kando ya redio. Lamu ni kaunti ambayo usalama huchukuliwa kwa uzito, na waya mrefu usioelezwa huzua maswali ambayo si ya kumlaumu anayeyauliza.

Redio imewaka, lakini husikii kituo chochote

Usiguse antena bado. Weka redio kwenye 14.100 MHz, hali ya Morse, kisha usikilize dakika tatu kamili bila kugusa kitu. Kwenye masafa hayo kuna vituo 18 vya alama vilivyotawanywa duniani, ambavyo hupokezana: kila kimoja sekunde 10, mzunguko mzima dakika 3. Kila kimoja hutaja alama yake ya wito, kisha hutoa milio minne ya sekunde moja moja. Wa kwanza ni wa wati 100, wa pili wati 10, wa tatu wati 1, wa nne sehemu moja ya kumi ya wati. Vituo hivyohivyo husikika pia kwenye 18.110, 21.150, 24.930 na 28.200 MHz.

Sijui kipimo cha bure kinachozidi hiki. Ukisikia 4S7B, njia ya Sri Lanka iko wazi na redio yako inapokea. Ukisikia ZS6DN, hiyo ni Afrika Kusini. OH2B ni Finlandi, na ukiisikia basi Ulaya iko tayari. Hesabu milio: ukisikia mmoja tu, njia ni nyembamba, ukisikia mitatu, mtu mwenye wati 1 angekufikia, sembuse wewe mwenye 100. Si vituo vyote huwa hewani kila siku, kwa hiyo kukosekana kwa kimoja si hoja. Kukosekana kwa vyote, alasiri, kwa mizunguko miwili au mitatu, kwenye 14.100 na 21.150, hiyo ni hoja.

Sasa chomoa kebo ya antena nyuma ya redio. Mvumo ukipungua wazi, antena inaleta kitu na tatizo ni bendi uliyoichagua au saa uliyokaa. Mvumo usipobadilika hata kidogo, antena haifiki redioni. Kagua mambo madogo kwanza: je, umechomeka kwenye soketi ya pili huku redio imechagua ya kwanza? Je, kipunguza nguvu cha mapokezi kimewashwa? Je, kitufe cha RF kimezungushwa hadi chini? Baada ya hapo ndipo uifuate kebo.

Kuna hali ndogo inayowasumbua wanaoanza: unasikia watu lakini maneno hayaeleweki, sauti imepinda. Umekaa upande usio wake. Bendi hutajwa kwa urefu wa wimbi, na 14.100 MHz iko kwenye mita 20. Mita 20, 15 na 10 ni USB, upande wa juu. Mita 40 na 80 ni LSB, upande wa chini. Basi.

Unasikia Ulaya vizuri, Nairobi hata kidogo

Hakuna kilichoharibika. Kutoka Lamu hadi Nairobi ni zaidi ya kilomita 400 kwa mstari ulionyooka. Kwenye mita 20, umbali huo ni mkubwa mno kwa mawimbi yanayotambaa juu ya ardhi, na mdogo mno kwa yale yanayopanda angani na kurudi. Yakirudi, hutua mbali zaidi. Ndiyo sababu huenda 5Z4B, kituo cha alama cha Nairobi, usikisikie huku unaisikia Sri Lanka. Ukitaka kuzungumza na wenzako wa bara, shuka mita 40 mchana, na waya wako usiwe juu sana. Dipoli, yaani waya ulionyooka wenye kebo katikati, ikiwa mita nne au tano kutoka ardhini hurusha juu kabisa, na kwa kazi hiyo ndiyo inayofaa.

Kelele inameza kila kitu

Hapa ndipo Lamu inapomjaribu mtu. Sindano ya nguvu ya mapokezi imelala juu, S8 au S9, na hakuna kituo, ni mngurumo tu. Usifikirie kununua kichujio. Jiulize kelele hii inaanza lini na inaisha lini.

Ikiwa inaanza jua linapopanda, inapungua wingu likipita na kufa machweo, ni sola. Kidhibiti cha chaji, hasa kile cha kisasa kinachokata umeme kwa kasi, hutoa mawimbi yanayopanda kwenye waya mirefu ya paneli, na waya hizo zinakuwa antena. Thibitisha kwa kuzima swichi ya paneli, au kwa kuzifunika kwa turubai. Kelele ikikatika, umempata. Dawa iliyo rahisi na ya hakika ni kuacha paneli zimezimwa ukiwa kazini na kuchaji unapopumzika. Kwa hiyo betri ya pili inalipa gharama yake. Dawa ya kudumu ni kusokota waya chanya na hasi pamoja tangu paneli hadi kidhibiti, na kuvisha pete za feraiti, zile nyeusi zinazozuia mawimbi ya redio, pande zote mbili za kidhibiti, waya ukipita ndani ya pete mara kadhaa. Kupita mara moja hakutoshi kwa masafa ya chini kama mita 40 na 80.

Ikiwa kelele ipo usiku na mchana, nenda kwenye meinswichi ya nyumba ukaizime, redio ikiwa kwenye betri. Ikikatika, iko ndani ya nyumba hiyo. Washa tena na uzime kimoja kimoja: taa za LED za bei ya chini, chaja za simu, king'amuzi, friji ya inveta. Mara nyingi ni chaja moja, tena ndogo kuliko zote. Isipokatika, iko kwa jirani au kwenye laini. Chukua redio ndogo ya betri, weka AM mahali pasipo stesheni, kisha utembee nayo kwenye vichochoro. Mvumo ukipanda ukikaribia mlango fulani, bisha hodi kwa adabu, eleza, na uombe kujaribu kuzima kimoja kimoja pamoja na mwenye nyumba. Watu wa Lamu hawakatai wakielezwa. Wanakataa wakilaumiwa.

Ikiwa inapasuka-pasuka kama kikaango, na inakua jioni umande unaposhuka, basi ni nguzo za umeme. Kusi linapovuma muda mrefu bila mvua, vikombe vya nguzo vinavyoshikilia nyaya hujaa chumvi, na chumvi ikilowa umeme hutambaa juu yake. Mvua kubwa huviosha na kelele hupotea kwa muda. Hii huwezi kuitengeneza mwenyewe. Usiguse nguzo, usiigonge, usiikaribie. Toa taarifa kwa shirika la umeme, ukitaja nambari ya nguzo, na wewe uhame. Kwa mashindano ya siku moja, kuhama ndiyo suluhisho. Ufuo wa Shela upande wa mbali na nyumba, au pembezoni mwa Manda ukijitenga na kiwanja cha ndege, kelele ya nguzo na ya nyumba hubaki nyuma yako. Kwenda na betri mbili kwa mashua si taabu ukilinganisha na kukaa saa ishirini na nne bila kusikia mtu.

Redio inazimika ukianza kuongea

Unapokea vizuri, unabonyeza kipaza sauti, unasema herufi mbili, redio inazima na kuwaka upya. Au haizimi, lakini wanakwambia sauti yako imekwaruza. Huu ni umeme, na kwa kweli ni waya kuliko betri.

Redio ya wati 100 huvuta karibu ampia 20 sauti inapopanda. Nyingi zinataka volti 13.8 na huanza kulalamika zikishuka chini ya 11.7. Sasa piga hesabu. Betri iko chini barazani, redio iko darini, umbali wa mita nne, na aliyefunga ametumia waya wa taa wa milimita 1.5 za mraba. Kwenda na kurudi ni mita nane za shaba, ambazo zina ukinzani wa karibu omu 0.09. Kwa ampia 20, volti 1.8 zinapotea njiani. Betri yenye volti 12.6 inafikisha 10.8 kwenye redio. Badilisha waya huohuo uwe wa milimita 6 za mraba, na kinachopotea ni kama nusu volti tu.

Kwa hiyo pima volti mahali pawili mwenzako akiwa anabonyeza: kwenye vichwa vya betri, kisha kwenye plagi ya redio. Zikishuka betrini, betri imechoka au haijajaa. Zikisimama betrini na kushuka redioni, waya ni mwembamba au kuna kiungo kibovu. Gusa vibano na kishikio cha fyuzi baada ya dakika mbili za kurusha. Penye joto ndipo penye ukinzani. Kutu ya kijani kwenye kishikio cha fyuzi ni jambo la kawaida pwani, nayo haionekani mpaka ukifungue.

Umeme ukiwa sawa na bado inazima, punguza nguvu hadi wati 20. Ikitulia, huenda mawimbi yako mwenyewe yanarudi juu ya ganda la kebo hadi ndani ya redio. Viringisha kebo ya antena (koaksi) mizunguko kumi hivi, ifunge vizuri, karibu kabisa na kitovu cha antena. Kipaza sauti kinachokuchoma midomo ni ushahidi wa hali hiyohiyo.

Kipimo cha SWR kimepanda ghafla

SWR huonyesha nguvu inayorudishwa na antena badala ya kurushwa: karibu na 1 ni nzuri, ikipanda ni mbaya. Kama jana ilikuwa 1.3 na leo ni 4, kitu kimekatika au kimegusa. Tazama kwa macho kabla ya kupima: waya umeegemea bati, umelala juu ya makuti, au punda amepita na kamba. Hili la punda nalisisitiza. Kamba za kukazia mlingoti na kebo zinazopita kichochoroni zikikosa kitambaa cheupe, zitakokotwa. Zipitishe juu ya vichwa, au zifunge vitambaa urefu wa goti na wa kifua. Usipigilie msumari kwenye kuta za matumbawe za mji wa kale. Mji huo uko kwenye orodha ya urithi wa dunia tangu 2001, na boriti iliyofungwa kwa kamba kwenye nguzo ya dari inashika vizuri tu. Boriti za mikoko, zinazojulikana Lamu tangu zamani, ni milingoti bora kuliko mabomba ya plastiki yanayopinda na kusi.

Upepo nao una dawa. Waya uliokazwa kama uzi wa gambusi hukatika usiku. Pitisha kamba ya ncha moja kwenye kapi, ning'iniza jerikeni ndogo yenye mchanga, na waya utapanda na kushuka na upepo bila kukatika. Na ncha za waya zikae mbali na makuti na mbali na mikono ya watoto: volti huwa kubwa zaidi nchani, na makuti makavu hayahitaji cheche kubwa.

SWR ikipanda kidogo kidogo, tuseme 1.3 hadi 2 ndani ya saa sita, na antena yako ni ya wima ufuoni, tazama bahari. Antena ya wima kando ya maji ya chumvi hufanya kazi ya ajabu, kwa sababu maji hayo huyasaidia mawimbi kuondoka chini kabisa kuelekea upeo, na huko ndiko Ulaya na Japani ziliko. Ila maji ya kwetu hupwa na kujaa. Wakati wa bamvua, maji yanapojaa na kupwa kuliko kawaida, tofauti inakaribia mita tatu, na ufuoni bahari hukimbia mbali. Uliyoipima maji yakiwa miguuni, utaikuta imehama mchanga ukiwa mkavu. Suluhisho ni kuinua waya za chini: weka mbili, kila mmoja mita 5 kwa bendi ya mita 20, juu ya vijiti vya urefu wa mita moja na zaidi, na waya wa wima nao uwe wa mita 5. Mfumo huo haujali sana kama chini ni maji au mchanga. Pima mara mbili Ijumaa, maji yakijaa na maji yakipwa, na uchague urefu ulio katikati. Ukiangukia maji mafu, ambapo tofauti ni ndogo, una bahati.

Kwa dipoli, kumbuka urefu: gawanya 142.5 kwa megahezi, upate mita za waya mzima. Kwa 14.175 ni mita 10 na kidogo, yaani mita 5 kila upande. Waya wenye ganda la plastiki hukatwa mfupi kidogo zaidi, asilimia tatu hadi tano. Anza mrefu, punguza. Kutoka Lamu Ulaya iko kaskazini kuelekea magharibi kidogo, kwa hiyo waya unaotandazwa karibu mashariki-magharibi ndio unaoitazama.

SWR ni nzuri mno, lakini hakuna anayekusikia

Hili ndilo tatizo ninalolichukia kuliko yote, kwa sababu kipimo kinakutuliza. Sindano inasema 1.2, wewe unaita nusu saa, unajibiwa na wawili. Unaamini anga imefunga.

Fikiria kebo iliyokaa darini tangu mwaka jana. Chumvi imeingia kwenye plagi ya juu, ikanyonywa na nyuzi za ganda la ndani, na nyuzi zimekuwa nyeusi na kijani. Kebo hiyo inakula nguvu ikienda, na kile kinachorudi kutoka kwenye antena mbovu inakila tena. Hakuna kinachofika kwenye mita, na mita inasoma hicho kama usalama. Antena inaweza kuwa imekatika kabisa na bado mita ikatabasamu.

Namna ya kuibaini ni hii. Panda juu, chomoa kebo kwenye antena, uache ncha wazi. Rudi chini, pima SWR kwa kipima-antena, au kwa redio ikiwa kwenye wati chache tu na kwa sekunde moja. Kebo nzima yenye ncha wazi lazima ionyeshe SWR kubwa sana, kwa sababu nguvu yote inarudi. Ikionyesha 3, nusu ya nguvu yako inapotelea ndani ya kebo kila safari. Ikionyesha 2, ni theluthi moja tu inayofika juu. Kata sentimita ishirini za ncha na utazame shaba: ikiwa inang'aa, tengeneza plagi mpya kwa risasi nzuri ya kulehemu, ikiwa nyeusi, endelea kukata, na ukifika mita moja bado nyeusi, itupe kebo hiyo. Mpya ivishe mkanda wa mpira unaojishika, kisha mkanda wa kawaida juu yake, kuanzia chini kwenda juu ili maji yateremke bila kuingia.

Kebo ikiwa nzima na bado kimya, kagua vitufe. Kitufe cha kuhamisha masafa ya kupokea kikiachwa kimewashwa, unasikiliza kilohezi moja pembeni huku watu wanakujibu penyewe. Na hakikisha uko kwenye hali inayohesabiwa: mashindano haya ni ya sauti na Morse, si ya njia za kidijitali. Bendi ni mita 80, 40, 20, 15 na 10 pekee. Ukiita mita 17 utazungumza na watu, lakini hutahesabiwa.

Wanakusikia, lakini kila mtu anakuuliza tena na tena

Mara nyingi hawakuelewa kwamba uko kisiwani. Utakachotoa kwa kila mtu ni ripoti, nambari ya mfuatano kuanzia 001, na nambari ya kisiwa, ambayo kwa Afrika huanza na AF kisha tarakimu tatu. Iangalie ya Lamu kwenye orodha rasmi, iandike kwa kalamu nene ubaoni mbele ya kila mrushaji, na itajwe mara kwa mara, si kwa anayeuliza tu. Idadi ya visiwa tofauti ndiyo inayozidisha alama zao kwenye kila bendi na kila hali, ndiyo sababu wanang'ang'ania kuisikia sawasawa.

Wakikuvamia wote kwa pamoja, usiseme "tena, tena". Shika herufi mbili ulizozisikia, mwite mwenye herufi hizo peke yake, na usimwache mpaka ummalize hata wengine wakipiga kelele. Wakikuona huyumbi, watanyamaza.

Sauti yako inasikika kwenye spika za msikiti au kwenye woofa ya jirani

Kwa mji wenye misikiti kila mtaa, hili lishughulikie kabla halijatokea. Waya mrefu wa spika za mnarani hupokea mawimbi yako, na mashine ya kukuza sauti ya msikiti huyageuza kuwa mkwaruzo. Ijumaa baada ya sala, nenda kwa imamu. "Shikamoo, maalim. Kesho na keshokutwa tutakuwa na redio darini pale. Mkisikia chochote kwenye spika, mtume kijana, nitazima papo hapo." Kisha mwombe mtu asimame msikitini huku wewe unarusha kwa nguvu kamili kwenye kila bendi, dakika moja moja. Andika bendi iliyosikika.

Kwa kawaida si zote. Mita 40 inaweza kuingia na mita 20 isiingie, kwa sababu ya urefu wa waya. Choki ya kebo uliyoiviringisha antenani huondoa sehemu kubwa. Pete za feraiti kwenye waya za spika, pale zinapoingia kwenye mashine, huondoa iliyobaki; nenda nazo wewe, ziwe zawadi, na zifungwe na fundi wa msikiti mwenyewe. Penye kubaki kidogo, punguza nguvu au hamisha antena mita kumi. Na wakati wa adhana na sala usirushe kabisa. Katika saa ishirini na nne, vipindi hivyo havikugharimu kitu ambacho huwezi kukipata baadaye.

Baada ya machweo sauti zote zinatetemeka

Vituo vina nguvu, lakini kila neno linakatwa-katwa. Hii kweli ni anga. Tuko karibu na ikweta ya sumaku ya dunia, na jua likishazama tabaka za juu huvurugika kwa saa kadhaa. Huzidi miezi ya Machi na Aprili, na Septemba na Oktoba. Julai huja kwa nadra zaidi. Huna la kutengeneza. Shuka bendi ya chini, ongea polepole, au tumia Morse.

Mawasiliano mengi yamekataliwa baada ya kutuma orodha

Hapa watu hupoteza kazi ya siku nzima kwa sababu ya saa. Orodha huandikwa kwa saa za UTC, ambazo ziko nyuma ya saa za Kenya kwa saa tatu. Kwa anayefikiri kwa saa za Kiswahili, mchana ni rahisi: ongeza tatu. Saa tatu asubuhi ni 0600, saa tisa alasiri ni 1200. Usiku, kuanzia saa moja hadi saa nane, ongeza kumi na tano: saa moja usiku ni 1600, saa nane usiku ni 2300. Saa tisa usiku ndipo inapoanza 0000 na tarehe mpya. Yaani kati ya saa sita usiku na saa tisa usiku, ukutani kwako ni Jumapili lakini kwenye orodha bado ni Jumamosi. Saa hizo tatu ndizo zinazoleta makosa mengi, kwa kuwa mwandishi ana usingizi na kalenda ya simu imeshageuka. Weka saa ya pili mezani, iliyosogezwa UTC, na simu ikae mfukoni.

Ukigundua baadaye kwamba uliandika kwa saa za nyumbani, usirekebishe mstari mmoja mmoja kwa mkono. Rudisha orodha nzima nyuma kwa saa tatu ndani ya programu, kisha pitia mistari ya usiku uhakikishe tarehe nayo imerudi. Angalia pia safu ya nambari ya kisiwa, yako na ya wenzako, kwamba sifuri haikuandikwa kama herufi O. Mstari wa kwanza usiwe kabla ya 1200 ya Jumamosi, na wa mwisho usipite 1159 ya Jumapili. Muda wa kutuma ni mfupi na hauongezwi, kwa hiyo fanya kazi hii Jumapili jioni, kabla hujaanza kuteremsha mlingoti.